Vitabu 16 Kali Kila Msee wa Nairobi Anafaa Kusoma, Kutoka Lavington Hadi River Road

Panda mat ya 46 kutoka tao ukielekea Kawangware, alafu uchungulie dirishani. Unapita Hurlingham, unapita Yaya, unafika Valley Arcade. Pande hizo za Lavington ni kuta ndefu, waya za stima juu ya ukuta, soja kwa geti na miti mizee. Dakika chache mbele, mat ileile inakushukisha Kawangware kwa mabati, vibanda vya mutura na kelele za boda. Barabara ni moja, lakini msee wa upande mmoja anaeza maliza miaka ishirini hapo bila kujua yule wa upande wa pili analala akiwaza nini.

Hapo ndipo kitabu kinaingia. Ukiingia keja nyingi za Lavi utapata ni vilevile vitatu juu ya meza: Rich Dad Poor Dad, The 48 Laws of Power na Atomic Habits. Hatuvichukii, soma kama unataka. Lakini vinakufunza kupanda ngazi ukiwa solo. Hakuna hata kimoja kitakuambia soja wa kwenu alitoka wapi, ama huyo Waiyaki mwenye jina kwa barabara alikuwa nani, ama mbona wasee wengine wanafanya kazi miaka thelathini na bado hawana shamba. Kuna watu waliandika hayo yote, na wengine wao walilipia hayo maandishi na jela.

Shida ni venye tulikutana navyo. Wengi wetu tulisoma riwaya juu ilikuwa setibuku ya KCSE. Swali lilikuwa "jadili sifa za mhusika mkuu, alama ishirini", na siku ya mwisho ya mtihani kitabu kikauzwa ama kikaachwa kwa dawati. Hatukuwahi ambiwa kwamba ile story ilikuwa tamu.

Kwa hivyo hapa kuna vitabu 16, riwaya na vya mambo ya kweli. Tumevipanga kulingana na mahali uko maishani, na kila kimoja tumekuambia kinafaa nani. Anza popote.

KAMA BADO UKO SHULE

1. The Mzungu Boy, Meja Mwangi

Miaka ya 1950, shamba la mkoloni, enzi za Mau Mau. Kariuki ni mtoto wa mpishi wa mzungu mwenye shamba. Nigel ni mjukuu wa huyo mzungu, amekuja kutembea. Wawili hawa wanakuwa mabeshte, wanaenda kuvua samaki na kuwinda msituni, na hakuna mtu mzima yeyote, mweusi kwa mweupe, anayefurahia huo urafiki. Kilitoka kwanza mwaka wa 1990 kikiitwa Little White Man.

Kinasomeka haraka na kina vichekesho, lakini ukifika mwisho utanyamaza kidogo. Kama umewahi kuwa na rafiki ambaye wazazi hawakutaka umlete nyumbani, utajua hii story inaongea nini.

Kinafaa: miaka 12 kwenda juu. Lugha: Kiingereza chepesi.

2. Siku Njema, Ken Walibora

Hii wengi mnaijua kwa jina. Ilitoka 1996 ikawa setibuku, na kuna kizazi kizima Kenya kilichopenda Kiswahili kwa sababu yake. Kijana Kongowea Mswahili anatoka Tanga akimtafuta babake, na safari inamfikisha mpaka pande za Kitale. Njiani ni njaa, mapenzi, watu wabaya na watu wazuri ambao hakutarajia.

Isome tena bila mtihani. Utashangaa venye Kiswahili chake kinatembea, hakuna kujikaza. Walibora alifariki Aprili 2020 baada ya kugongwa na matatu Landhies Road, karibu na Muthurwa. Alikuwa ameacha pia tawasifu, Nasikia Sauti ya Mama, na ukishamaliza Siku Njema hiyo ndiyo ya kufuata. Utaona ni wapi story zake nyingi zilitoka.

Kinafaa: form one hadi mzazi. Lugha: Kiswahili.

3. Born a Crime, Trevor Noah

Kilitoka 2016. Trevor alizaliwa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, mama mweusi na baba mzungu, na kisheria hao wawili hawakuruhusiwa kuwa pamoja. Kwa hivyo yeye mwenyewe kuzaliwa ilikuwa kosa. Anaeleza venye mamake alimficha, venye aliuza CD mtaani, venye lugha tofauti zilimwokoa kwa ghasia.

Utacheka mpaka mtu akuangalie vibaya kwa mat. Lakini mwenye kitabu kwa ukweli ni mamake, Patricia. Kama umelelewa na mama peke yake, mpatie akisome baada yako.

Kinafaa: miaka 14 kwenda juu. Kuna vurugu za nyumbani sehemu za mwisho.

KAMA UMEMALIZA SHULE NA KAZI HAKUNA

4. Going Down River Road, Meja Mwangi

Mwaka ni 1976. Ben alikuwa mwanajeshi, sasa anabeba mawe kwa mjengo wa jumba kubwa linaitwa Development House. Beshte yake wa mjengo ni Ocholla. Mshahara ukiingia unaishia River Road, kwa pombe ya bei ya chini. Dem yake anamtoka na kumwachia mtoto ambaye hata si wake. Jumba linaendelea kupanda, na wao wanabaki walikokuwa.

Ukipita Lavi leo kila kona ni mjengo. Nyumba za zamani zenye bustani zinaangushwa, apartimenti zinapanda. Saa kumi na moja asubuhi angalia wasee wanaotembea kwa miguu kutoka Kawangware na Kangemi kuja kuzijenga. Karibu miaka hamsini imepita na Ben bado ako kazini. Ukikipenda, tafuta pia Kill Me Quick cha 1973, cha mwandishi huyohuyo, kuhusu vijana wawili waliokuja Nairobi na vyeti vya shule na wakaishia kulala vichochoroni.

Kinafaa: watu wazima na wakubwa wa sekondari. Lugha yake ni chafu kidogo, ya mtaani kabisa.

5. My Life in Crime, John Kiriamiti

Muulize babako kama alikisoma. Kama alikuwa kijana Kenya miaka ya themanini, kuna uwezekano mkubwa alikisoma chini ya dawati. Kiriamiti alikuwa jambazi wa ukweli, akahukumiwa miaka 20 mwaka wa 1971 kwa wizi wa mabavu, na akaandika story yake akiwa gerezani. Kilitoka 1984, mwaka huohuo yeye mwenyewe alitoka jela.

Wizi wa benki, magari, mbio na karao nyuma. Kinaenda speed. Lakini usikomee hapo. Mwaka wa 1989 alitoa My Life with a Criminal: Milly's Story, na hapo ndio utapata bei kamili. Milly ndiye dem aliyekuwa akingoja nyumbani bila kujua mtu wake anafanya kazi gani. Soma vyote viwili, kwa huo mpangilio. Cha kwanza kitakufanya umwone Jack kama hero, cha pili kitakutoa hiyo ndoto.

Kinafaa: miaka 15 kwenda juu.

6. One Day I Will Write About This Place, Binyavanga Wainaina

Hii ni tawasifu ya 2011. Binyavanga alizaliwa Nakuru, akapelekwa Afrika Kusini kusomea komasi, na badala ya kuenda darasani akajifungia kwa chumba akisoma riwaya. Digrii haikuisha. Akarudi nyumbani, na mwaka wa 2002 akashinda tuzo ya Caine, alafu akaanzisha jarida la Kwani? lililowatoa waandishi wengi wa Nairobi. Alifariki Mei 2019 akiwa na miaka 48.

Mimi pia niliacha chuo njiani, kwa hivyo nitakuambia bila kupaka rangi: kitabu hiki hakisemi kuacha chuo ni poa. Kinaonyesha aibu ya kupigiwa simu na mzazi unayemdanganya, na venye mtu anaeza kaa miaka gizani kabla ajue alitumwa kufanya nini. Kama uko hapo saa hii, kisome polepole.

Kinafaa: miaka 17 kwenda juu. Kurasa za kwanza zimeandikwa kwa akili ya mtoto, vumilia.

KAMA UNATAKA KUJUA UPANDE WA PILI WA UKUTA

7. The Stone Hills of Maragoli, Stanley Gazemba

Gazemba ameishi Kangemi, hapo tu ng'ambo ya Waiyaki Way ukitoka Lavington, na amefanya kazi ya bustani hapa Nairobi. Riwaya yake ilitoka 2002 na mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Yaani kuna uwezekano msee anayekata nyasi kwenu ana kitabu kichwani.

Story iko kijijini Maragoli. Ombima ni kibarua wa kuchuma majani chai kwa shamba la tajiri. Usiku mmoja njaa inamsukuma kuiba chakula kwa bustani ya huyo bosi, na kutoka hapo mambo yanamvutia ndani ya nyumba kubwa, hadi kwa mke wa bosi mwenyewe. Hakuna malaika hapa. Maskini wanakosea, matajiri wanakosea, lakini wanaolipa si wote.

Kinafaa: watu wazima.

8. The Last Villains of Molo, Kinyanjui Kombani

Vijana watano wanaishi Ngando, mtaa wa mabanda kule Dagoretti. Wanashiriki chakula, wanashiriki madeni. Wametoka makabila tofauti, na wote walitoka Molo, ambako mwaka wa 1992 watu walichinjana kwa sababu ya siasa. Alafu dem mmoja mrembo anaingia mtaani, na siri za Molo zinaanza kufukuliwa.

Kombani alikiandika akiwa bado mwanafunzi wa chuo, kikatoka mara ya kwanza 2004. Miaka mitatu baadaye nchi ikaungua tena. Kila uchaguzi ukikaribia hiki kitabu kinakuwa kipya. Ukitaka kingine cha moto huohuo, The Havoc of Choice cha Wanjiru Koinange kinafuata familia moja kupitia uchaguzi wa 2007.

Kinafaa: miaka 16 kwenda juu.

9. Coming to Birth, Marjorie Oludhe Macgoye

Ni mwaka wa 1956, hali ya hatari. Paulina ana miaka 16, ana mimba, anashuka stesheni ya Nairobi kumfuata mumewe Martin. Hajui mji, hajui Kiswahili, na siku zake za kwanza anapotea njia kabisa. Riwaya inamfuata zaidi ya miaka ishirini, yeye akikua na Kenya ikikua, na mara nyingi Paulina anajipanga vizuri kuliko nchi.

Macgoye alizaliwa Uingereza, akaja Kenya 1954, akaolewa huku na kukaa huku hadi kifo chake mwaka wa 2015. Alikuwa pia muuza vitabu tao. Riwaya hii ilishinda tuzo ya Sinclair mwaka wa 1986. Mpe mamako ama shosho. Alafu keti naye akuambie yeye alifika Nairobi vipi.

Kinafaa: wote kuanzia form three.

KAMA UNADHANI RIWAYA ZA KISWAHILI NI ZA MTIHANI TU

10. Vuta N'kuvute, Adam Shafi

Zanzibar kabla ya uhuru. Yasmin ni msichana Mhindi wa miaka 15 aliyeozwa kwa mzee. Anatoroka. Familia inamkana. Anapokelewa na Mwajuma, mwanamke maskini mwenye roho kubwa na sauti ya taarab, na kupitia kwake anakutana na Denge, kijana anayetafutwa na serikali ya wakoloni kwa siasa zake. Mapenzi yao yanaenda pamoja na vita vya uhuru, na hakuna kati ya hivyo kinachokuja rahisi.

Ilitoka 1999, na mwaka wa 2021 Amil Shivji wa Tanzania akaigeuza kuwa filamu. Soma kwanza, tazama baadaye. Kiswahili chake ni cha pwani, kuna maneno yatakusimamisha, lakini utayashika kwa kusikiliza mazungumzo yao. Ukizoea, utajiuliza mbona ulikuwa unaogopa.

Kinafaa: miaka 16 kwenda juu.

11. Peponi, Abdulrazak Gurnah

Gurnah alizaliwa Zanzibar, akakimbilia Uingereza akiwa kijana, na mwaka wa 2021 akashinda Nobel ya Fasihi. Riwaya yake Paradise ilitoka kwa Kiingereza mwaka wa 1994. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, ilifanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka wa 2022.

Yusuf ana miaka 12. Anachukuliwa na mfanyabiashara tajiri anayemwita ami, na anafikiri ni safari ya kutembea. Kumbe babake amemtoa kulipa deni. Anafuata misafara ya biashara hadi bara, wakati Wajerumani wanaanza kumeza nchi. Kama unajua mtoto yeyote aliyetumwa mjini "kukaa kwa anko" na akageuzwa mboch, hii story si ya zamani.

Kinafaa: miaka 16 kwenda juu. Kiingereza ama Kiswahili, vyote viko.

KAMA UNATAKA UKWELI MTUPU

12. Unbowed, Wangari Maathai

Jina lake liko kwa miti, kwa barabara, kwa mbao za shule, lakini wangapi wamemsoma? Tawasifu hii ilitoka 2006, miaka miwili baada ya kuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kushinda Nobel ya Amani. Anaeleza utoto wake Nyeri, ndoa iliyovunjika kortini mbele ya magazeti, na mwaka wa 1989 alipopinga jumba la ghorofa 60 ambalo serikali ilitaka kujenga Uhuru Park. Wakubwa walimtukana bungeni. Jumba halikujengwa.

Alafu 1992, pale kona ya Uhuru Park inayoitwa Freedom Corner, alikaa na kina mama waliotaka wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Karao wakawavamia na kumpiga hadi akazirai. Kama uliingia tao Juni 2024 wakati wa Finance Bill, ama ulifuata kwa simu ukiwa kwenu, unafaa kujua kwamba hayo mabarabara yalishatembewa na watu wa umri wa shosho yako.

Kinafaa: kila mtu, kuanzia miaka 14.

13. It's Our Turn to Eat, Michela Wrong

Kilitoka 2009. John Githongo alipewa kazi na Kibaki ya kupambana na ufisadi. Akachimba akapata Anglo Leasing, na akagundua wanaokula ni haohao waliomwajiri. Akaanza kurekodi mazungumzo kisiri. Mwaka wa 2005 akatorokea London.

Kilipotoka, maduka mengi ya vitabu Nairobi yaliogopa kukiweka, kesi zilikuwa zinanukia. Watu walikipata kupitia makanisa na vikundi vya kiraia. Jaribu kufikiria: kitabu kuhusu pesa yako, na unakipata kama magendo. Ukimaliza, tafuta The True Story of David Munyakei cha Billy Kahora, cha 2008. Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu aliyetoa siri ya Goldenberg. Githongo alikuwa na pa kukimbilia. Munyakei hakuwa napo, alipoteza kazi na akafa mwaka wa 2006 bila kitu. Visome kwa pamoja.

Kinafaa: miaka 17 kwenda juu.

14. Mau Mau's Daughter, Wambui Waiyaki Otieno

Sasa turudi kwa ile barabara. Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu aliyepambana na Waingereza, akakamatwa na kufia Kibwezi mwaka wa 1892. Wambui ni kitukuu chake. Akiwa msichana aliingia Mau Mau kama jasusi hapa Nairobi, akazuiliwa na wakoloni. Baadaye akaolewa na wakili S.M. Otieno, Mjaluo, wakati ndoa kama hiyo ilikuwa kelele kubwa.

Otieno alipofariki Desemba 1986, Wambui alitaka kumzika Ngong na ukoo ukataka azikwe Siaya. Kesi ilichukua miezi, nchi nzima ikifuata. Wambui alishindwa. Kitabu, cha 1998, ni upande wake. Kinauliza swali ambalo bado familia nyingi zinakwepa: mke ana sauti gani mume akifa?

Kinafaa: miaka 16 kwenda juu, na wapenzi wa makabila tofauti wanaopanga harusi.

KAMA UKO TAYARI KUTOA JASHO

15. Devil on the Cross, Ngũgĩ wa Thiong'o

Ngũgĩ aliwekwa kizuizini mwisho wa 1977 bila kesi. Akiwa Kamiti mwaka wa 1978 aliandika riwaya hii kwa Kikuyu, kwa karatasi za choo. Ikatoka 1980, na tafsiri ya Kiswahili inaitwa Shetani Msalabani.

Wariinga anafutwa kazi kwa kumkataa bosi, anafukuzwa kwa nyumba, anapanda matatu kuenda Ilmorog. Huko kuna mashindano: wezi na wanyang'anyi wa kisasa wanapanda jukwaani mmoja mmoja kujigamba venye wameiba. Ni kichekesho na ni matusi. Kuna mmoja anawaza jinsi ya kuwauzia watu hewa. Ngũgĩ alifariki Mei 2025 akiwa Marekani, na sifa zikamiminika hata kutoka kwa wasiowahi kufungua kitabu chake. Wewe fungua.

Kinafaa: miaka 17 kwenda juu. Kama unaelewa Kikuyu, anza na Caitaani Mũtharabainĩ.

16. Dust, Yvonne Adhiambo Owuor

Tumeiweka mwisho makusudi. Inaanza na kijana Odidi akikimbia mitaani Nairobi huku risasi zikimfuata, siku za mwisho za 2007. Anauawa. Dadake Ajany anarudi kutoka Brazil, na familia inampeleka Odidi nyumbani, kaskazini, kwa nyumba iliyojaa siri za miaka hamsini. Mau Mau iko ndani, kifo cha Tom Mboya cha 1969 kiko ndani, na kila mzee ana kitu amenyamazia.

Sentensi zake ni za kukatika katika, na kurasa za kwanza utapotea. Usiache. Ukifika katikati utaelewa mbona imeandikwa hivyo: nchi yenyewe inaongea hivyo kuhusu wafu wake. Ilishinda Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka wa 2015.

Kinafaa: watu wazima wenye subira.

UTAVIPATA WAPI?

Ukiwa Lavington, karibu yako ni Bookstop pale Yaya Centre na Text Book Centre pale Sarit, Westlands. Soma Nami wanajulikana kwa vitabu vya Kiafrika. Nuria, Moi Avenue, wanasukuma sana waandishi wa Kenya, hata wale waliojichapishia.

Kama mfuko umekauka, kuna inama bookshop. Hao ni wauzaji wanaotandaza vitabu chini tao, unainama kuchagua. Vitabu vya Kiriamiti na Meja Mwangi hupatikana hapo, na bei ni ya kuongea. Angalia kurasa zote ziko, na uangalie kama ni nakala halali. Kitabu chenye wino umefifia na kurasa zimepinda kinaeza kuwa feki, na mwandishi hapati hata finje.

Kumbuka pia vitabu vipya si bei rahisi hapa. Mwaka wa 2013 serikali iliweka VAT ya asilimia 16 juu ya vitabu. Kwa hivyo changeni. Mabeshte wanne, kila mtu ananunua kimoja, mnazungusha. Kwa mwaka umesoma vinne kwa bei ya kimoja.

Na kuna maktaba. Maktaba ya taifa iko Community, Upper Hill. Maktaba ya McMillan, Banda Street, ilifunguliwa 1931, na Waafrika hawakuruhusiwa kuingia hadi 1958. Shirika la Book Bunk, la Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likizifufua maktaba za kaunti, na zile za Kaloleni na Makadara zilishakarabatiwa. Babu yako angefukuzwa kwa mlango wa McMillan. Wewe hauna sababu.

MBINU ZA KUMALIZA KITABU

Kama umekaa miaka bila kusoma, usianze na Dust. Anza na Kiriamiti ama Trevor Noah. Soma kurasa kumi kwa mat badala ya kuskroo. Kama kitabu hakijakushika baada ya kurasa hamsini, kiweke chini uchukue kingine, hakuna mtihani. Na ukimaliza, usikifungie kwa kabati. Mpe mtu, hasa mtu ambaye haungetarajia kumpa kitabu.

Kwa mfano yule soja wa usiku pale getini. Ako macho hadi asubuhi na redio peke yake. Mpelekee Going Down River Road ama Siku Njema, alafu wiki ijayo muulize ameona aje. Na kama ashaisoma kabla yako, usishangae.